Jumatano: Walinzi Wanaotulizwa

Soma 1 Wakorintho 12:21–25. Kwa nini Paulo anavipa umuhimu mkubwa viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu?

Paulo hakujua habari za bakteria, lakini mfano wake unawafaa. Matrilioni wanaishi katika utumbo mpana. Panya waliolelewa maabarani bila bakteria hata mmoja, kinga ya utumbo wao haikukomaa ipasavyo. Tunapokula maharage, mchicha au ugali wa dona, nyuzinyuzi tusizoweza kumeng'enya huwa chakula cha bakteria hao, nao huzichachusha na kutoa asidi iitwayo butireti. Mwaka 2013 watafiti wa Japani na Marekani walionyesha, katika panya, kwamba butireti huongeza seli T za udhibiti. Hizi hazipigani na adui (kazi hiyo ina wengi). Huwatuliza askari wengine wasiushambulie mwili wenyewe. Askari wasipotulizwa, utumbo huvimba na kutoka vidonda, ingawa hakuna adui aliyeingia.

Linganisha na Wagalatia 5:15. Katika kanisa lako, ni nani anayetuliza ndugu bila cheo wala kutajwa? Asipokuwapo, mabaraza yenu huwaje?