Shahidi wa Maumivu

Maumivu yako ya namna nyingi, lakini yote yana sifa moja: hayana shahidi illa mwenyewe. Jeraha huonekana, homa hupimwa, mfupa uliovunjika hutokea katika picha. Ama maumivu, hapana jicho liyaonalo wala mizani iyapimayo. Mtu akisema mgongo wamuuma, tabibu hana budi kuyapokea maneno yake, na akisema umeacha kuuma, hana budi kuyapokea pia. Hapo ndipo ilipozaliwa biashara kubwa, na hapo ndipo yalipozaliwa mas'ala haya: ikiwa mgonjwa peke yake ndiye ajuaye kuwa amepata nafuu, je, neno lake latosha kumhalalishia muuzaji wa tiba fedha aliyoipokea?

Katika mji wa Dar es Salaam mas'ala haya si ya vitabuni tu. Pale Posta, njia ya Samora inapokutana na njia ya Maktaba, imesimama sanamu ya askari iliyowekwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa Waafrika waliokuwamo katika vita vya 1914 hatta 1918, na maandiko yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, hayakuwasahau wapagazi. Sanamu ni ya mwenye bunduki. Mwenye mzigo amepata maneno tu. Lakini mpagazi alipata jambo ambalo askari hakulipata, kwani mtaa mzima umechukua jina lake. Kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilikuwa na kambi yake ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina lile likawa Kariakoo. Wachukuzi wale walikufa kwa maradhi zaidi kuliko kwa risasi. Na leo, miaka zaidi ya mia imekwisha pita, Kariakoo ni mahali pa migongo vilevile. Marobota ya nguo na magunia ya nafaka hushushwa kwa mabega na kusukumwa kwa mikokoteni, na hatta soko kubwa lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, mizigo haikukoma kupita katika njia zake.

Mchukuzi wa namna hiyo, akifika miaka arobaini na kitu, huamka usiku kwa kiuno. Amekwisha kuchuliwa kwa mafuta, amekwisha kumeza vidonge mpaka tumbo likamchoma, amekwisha kuumikwa damu ya mgongoni. Kisha aambiwa kuwa iko tiba ya mwanga: chombo kidogo kama kalamu au kama pasi, kikielekezwa mahali panapouma hakikati wala hakichomi, na maumivu huondoka. Bei ya kumulikwa mara kadhaa ni ujira wake wa siku nyingi. Atoe au asitoe? Na yule ampokeaye amwambie nini kabla ya kuupokea?

Yapasa kwanza kumtendea haki mwenye tiba, kwani wako watu ambao kila jipya kwao ni uwongo, na hao nao hukosea. Kutibu kwa mwanga si ndoto. Niels Finsen wa Denmark alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa miale ya mwanga. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960, na miaka michache baadaye, katika mji wa Budapest, tabibu Endre Mester alikuwa akiwamulika panya katika uchunguzi wake wa saratani. Lililomshangaza lilikuwa jambo ambalo hakulitafuta: manyoya aliyokuwa ameyanyoa yaliota upesi zaidi kwa panya waliomulikwa kuliko kwa wenzao. Huo ndio mwanzo wa elimu hii.

Mwanga wenyewe ni mwekundu, au ni ule ulio baada ya wekundu ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Nguvu yake ni ndogo mno, kwa kawaida haizidi nusu ya wati moja, na kwa hiyo mwenye kumulikwa haoni joto. Wataalamu wengi wanashika kwamba sehemu ya mwanga huu humezwa na vile viungo vidogo vilivyomo ndani ya seli, ambavyo kazi yake ni kuipatia seli nguvu, na kwa sababu hiyo uvimbe na uchungu hupungua. Wana hoja zao. Lakini ngozi na nyama huumeza na kuutawanya mwanga njiani, hatta kinachofika chini kabisa ni sehemu ndogo ya kilichotoka katika chombo. Na jambo hili muuzaji halitaji mara nyingi.

Waliotaka kuijua kweli hawakuridhika na maneno ya waliomulikwa. Waliwagawanya wagonjwa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja lilimulikwa kwa chombo chenye mwanga, na fungu la pili kwa chombo kilichofanana nacho kwa kila hali, illa kwamba kilikuwa bubu, hakitoi kitu. Na kwa kuwa mwanga ule wa baada ya wekundu hauonekani, yaliwezekana majaribio ambayo ndani yake hakujua mgonjwa wala aliyekishika chombo kama kilikuwa hai au bubu. Mwenye akili aangalie sana yanayotokea katika majaribio ya namna hii: wako wengi katika fungu la chombo bubu ambao nao husema wamepata nafuu, na hawasemi uwongo. Kipimo cha tiba basi ni ile ziada tu, yaani nafuu ya waliomulikwa ikipita nafuu ya wasiomulikwa.

Ziada hiyo yapo mahali ilipoonekana. Mwaka 2009 jarida la The Lancet lilikusanya majaribio 16 yenye wagonjwa 820 wa maumivu ya shingo, na ikaonekana kuwa mwanga ulipunguza maumivu, na kwa wale wa maumivu ya siku nyingi nafuu iliendelea hatta majuma 22 baada ya tiba kwisha. Kadhalika vidonda vya kinywa, vinavyowapata watu wanaotibiwa saratani ya kichwa na shingo kwa mionzi, ni katika mambo ambayo tiba hii imepata ushahidi mzuri zaidi. Na mtu aliyewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo, hawezi kumeza hatta maji, hatasema kuwa hili ni jambo dogo. Ama kiuno, ambacho ndicho kinachomwamsha mchukuzi wa Kariakoo, khabari yake ni nyingine. Uchunguzi mkubwa uliokusanywa mwaka 2008 uliona kuwa ushahidi haukutosha kukata hukumu, na chama cha matabibu wa Marekani, kilipotoa mwongozo wake mwaka 2017, kiliitaja leza miongoni mwa mambo yanayoweza kujaribiwa kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, lakini kikabainisha kuwa ushahidi wake ni wa daraja la chini. Shingo si kiuno. Mwenye kuyachukua maneno yaliyosemwa juu ya shingo akayauza juu ya kiuno, huyo ameuza mali isiyokuwa katika ghala yake.

Lakini yuko mtu wa kiuno aliyemulikwa akatoka akitembea wima, na atasema mbele ya watu wote kuwa mwanga ndio ulioniponya. Ajibiwe nini? Ajibiwe kuwa ushahidi wake una sehemu mbili, na moja ndiyo ya kupokewa. Aliposema kuwa maumivu yamepungua amesema alijualo. Aliposema kuwa kilichoyapunguza ni mwanga amesema asilolijua. Shahidi aliyeiona nyumba ikiwaka moto hukubaliwa kuwa moto ulikuwapo. Hakubaliwi kuwa fulani ndiye aliyeuwasha illa awe ameuona mkono wake. Maumivu ya mgongo yana desturi ya kupanda na kushuka, na mtu haendi kwa mtibabu siku ambayo yameshuka. Huenda siku yamefika ukomo, na kitu kilichofika ukomo hushuka chenyewe. Mengi ya maumivu mapya ya kiuno hupoa katika majuma machache, yakitibiwa au yasitibiwe. Tena mtu yule, kwa kwenda kumulikwa, amelala nusu saa juu ya kitanda siku ambayo angebeba magunia, na ameulizwa khabari za mgongo wake na mtu mpole aliyevaa koti jeupe. Huenda tangu kuzaliwa kwake hakuwahi kuulizwa.

Muuzaji mwerevu atasema hapa: Vizuri, hatta ikiwa nafuu imetokana na matumaini, nafuu ni nafuu, na mkimwambia mgonjwa kuwa kuna shaka, mtamnyang'anya matumaini na nafuu pamoja. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na wengi huishindwa. Inataka kusema kuwa yako maradhi ambayo dawa yake ni kudanganywa. Lakini yenyewe ilijaribiwa. Katika jaribio la huko Lisbon lililochapishwa mwaka 2016, watu wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu walipewa vidonge visivyo na dawa, wakaambiwa waziwazi kuwa havina dawa, wakaelezwa pia kuwa mwili mara nyingine huitikia tendo la kutibiwa. Na maumivu yao yalipungua kuliko ya wale walioendelea na matibabu yao ya kawaida peke yake. Basi ukweli haukuiua nafuu. Na udhuru wa muuzaji umebaki mmoja tu, nao ni hofu kuwa ukweli utaiua bei.

Watu wa sokoni wanaijua khabari ya yule mwenye chungu ya nafaka katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Mkono ulipoingizwa chini ulikuta unyevu, na mwenye mali alipotaja mvua hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuwa unyevu aliuweka chini, na pakavu akapaweka juu. Katika tiba ya mwanga, unyevu ni shaka. Shaka haimharamishii mtu biashara yake, maana hapana tabibu asiyekuwa nayo. Lakini yapasa ikae juu ya chungu, mahali ambapo mnunuzi ataiona kabla hajafungua kibindo, na aambiwe kwa lugha aijuayo kuwa jambo hili kwa shingo limepata ushahidi, kwa kiuno ushahidi wake ni dhaifu, na kwamba kutembea na kunyoosha viungo, ambako hakuna bei, kumo katika mambo ambayo matabibu huyatanguliza.

Nchi nayo imeweka mipaka. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwaandikisha watoaji wa tiba hizo, na tangu mwaka 2019 mamlaka inayosimamia dawa imebeba katika jina lake vifaa tiba pia. Lakini vyombo hivi vidogo huagizwa na mtu yeyote, na cheti cha chombo si cheti cha mkono unaokishika. Wanavyuoni wa sharia walikwisha kusema zamani kuwa mwenye kujitia katika uganga hali hajui uganga, yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Na madhara hapa si ya kufikirika. Mwanga usioonekana haulifanyi jicho kujifumba, nao waweza kuliharibu hali mtu hajui. Na lililo kubwa kuliko hilo ni kwamba maumivu ni mlinzi. Nyuma ya mgongo unaouma mara nyingine kuna kifua kikuu kilichoingia katika pingili za uti, mara nyingine kuna saratani, mara nyingine kuna figo. Mtu mwenye homa za jioni, anayekonda, ambaye miguu yake imeanza kulegea, akimulikwa miezi mitatu na kuambiwa avute subira, mlinzi wake amenyamazishwa na mwizi yu ndani. Mtibabu asiyejua kuuliza maswali hayo matatu kabla ya kuwasha chombo chake, ujuzi wake wa chombo haumfai kitu.

Yamebaki mas'ala ya ujira. Kuna ujira wa kazi na kuna ujira wa matokeo, na sharia haikuvichanganya. Mwenye kuajiriwa kumulika mara sita akamulika mara sita kwa uangalifu, amestahili malipo yake hatta mgongo usipopoa, kwa sharti kwamba alichokiuza ni kule kumulika. Lakini aliyeandika mlangoni kuwa maumivu yatakwisha, huyo ameuza kwisha kwa maumivu, na yasipokwisha mchukuzi ana haki ya kurudi na kudai. Wauzaji wengi hupenda kuandika kama huyu wa pili na kulipwa kama yule wa kwanza. Na yuko wa tatu, ambaye hali yake ni ngumu kuliko zao: alinunua chombo kwa mkopo akiamini yote aliyoambiwa na aliyemuuzia, na sasa ameyajua haya, na deni bado. Waliomulikwa jana hana kosa juu yao kwa lile alilokuwa halijui. Lakini asubuhi atafungua mlango, na mtu wa kwanza atakayeingia amekwisha kuishika fedha mkononi, tena anauliza swali moja tu, kama kiuno chake kitapona.