Kazi Isiyo na Shahidi

Huduma ya nyumbani kwa mtu mzima aliyeishiwa nguvu, awe mzee, mgonjwa wa kudumu au mtu mwenye ulemavu, hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Hospitalini kuna mgonjwa wa kitanda cha pili, muuguzi wa zamu na daktari anayepita asubuhi. Nyumbani kuna watu wawili tu, na mara nyingi mmoja wao hawezi kusimama, au hawezi kusema, au akisema haaminiki kwa kuwa kumbukumbu zimeanza kumpotea. Swali la ubora na usalama wa huduma hii, kwa hiyo, linagusa swali la kale la maadili: mtu hutenda vipi pale asipoonekana na yeyote? Sheria imelijibu kwa njia yake, dini kwa njia yake, na majibu hayo mawili hayafanyi kazi moja.

Jibu la kisheria lililoandikwa kwa undani zaidi ni la England. Huko, shirika lolote linalopeleka wahudumu majumbani kumwogesha, kumvalisha au kumlisha mtu mzima ni lazima lisajiliwe na Tume ya Ubora wa Huduma, iliyoanza kazi mwaka 2009. Kanuni za sasa ni za mwaka 2014. Zilitungwa baada ya ripoti ya mwanasheria Robert Francis ya mwaka 2013 kuhusu hospitali ya Stafford, ambako wagonjwa waliachwa kwenye mashuka machafu na wengine wakakosa hata maji ya kunywa. Kanuni hizo zinadai heshima, ridhaa, usalama, chakula na maji ya kutosha, ulinzi dhidi ya manyanyaso, na njia ya kupokea malalamiko. Zinadai pia jambo ambalo mashirika mengi hulikwepa kwa hiari yao: mambo yakiharibika, mhudumiwa aambiwe ukweli na aombwe radhi. Wakaguzi huongozwa na maswali matano. Je, huduma ni salama? Inaleta matokeo? Ina huruma? Inaitikia mahitaji ya mtu? Inaongozwa vizuri? Manne kati ya hayo mkaguzi anaweza kuyatafutia ushahidi kwenye mafaili. Swali la huruma ndilo linalosumbua.

Kumwogesha mtu asiyeweza kuinuka kitandani kunaonyesha ugumu wenyewe ulipo. Maji hupimwa joto kabla ya kumgusa. Uso huoshwa kwanza, sehemu za siri mwisho, na maji hubadilishwa katikati. Mwili hufunuliwa kipande kwa kipande huku sehemu nyingine zikibaki zimefunikwa kwa kanga au taulo. Anapogeuzwa ubavu, mhudumu huangalia kiunoni, matakoni na visiginoni, kwa sababu wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole ni dalili ya kidonda cha kulalia kinachoanza. Yote haya yanafundishika na yanakagulika. Lakini mhudumu anaweza kuyatimiza yote, hatua kwa hatua, simu ikiwa sikioni, akazungumza na rafiki yake kana kwamba anafuta meza. Hakuna kanuni aliyoivunja kwa namna ya kuonekana kwenye karatasi, na bado mama aliyelala pale anajua vizuri alichotendewa.

Mwanafalsafa Onora O'Neill, katika mihadhara yake ya redio ya mwaka 2002 kuhusu imani baina ya watu, alionya kwamba ukaguzi usio na kikomo unaweza kuidhoofisha kazi unayokusudia kuilinda, kwa kuwa wafanyakazi huanza kumtumikia mkaguzi. Onyo hilo linakwenda sawasawa na huduma ya nyumbani. Daftari la kumbukumbu linapojazwa kabla dawa haijamezwa, daftari limekuwa ndilo linalohudumiwa. Hata hivyo, kuitupa karatasi kwa sababu hiyo ni kosa kubwa zaidi. Kadi ya dawa yenye saa, kipimo na sahihi ndiyo inayomzuia binti wa jioni asirudie dozi ambayo kaka yake alishaitoa mchana, na ukosefu wa kadi hiyo hauongezi chembe ya upendo.

Tena, ubora mara nyingi huharibika pasipo mtu mwovu. Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya Uingereza ilichunguza huduma za wazee majumbani mwaka 2011, na miongoni mwa iliyoyakuta ni ziara za dakika 15, ambamo mzee hulazimika kuchagua kati ya kuoga na kula. Mwaka 2015 taasisi ya kitaifa inayotoa miongozo ya afya na huduma, NICE, ilielekeza kwamba ziara ya chini ya nusu saa ifanyike tu ikiwa mhudumu anafahamiana na mhudumiwa, kazi yenyewe ni ndogo na maalumu, na ziara hiyo ni sehemu ya mpango mpana zaidi. Ni mwongozo wa kiofisi, lakini ndani yake mna falsafa: mkono wa haraka hauwezi kuwa mpole, hata mwenye mkono akitaka. Anayeagiza dakika 15 kisha akadai huruma anadai kitu alichokwisha kukifuta.

Dini zilianzia mahali pengine. Katika Sura ya Al-Israa, Qurani inamkataza mtoto hata neno dogo la kuchoshwa mbele ya mzazi aliyezeeka mikononi mwake, na hakuna kanuni ya serikali iliyowahi kushuka hadi kwenye pumzi ya mhudumu. Injili ya Marko, sura ya 7, inamwonyesha Yesu akiwakemea watu waliotangaza kwamba mali yao ni wakfu kwa Mungu ili wasiitumie kuwatunza wazazi wao. Ibada yenyewe ilikuwa imegeuzwa njia ya kukwepa huduma. Na mafundisho ya Kiislamu kuhusu ihsani, yaani kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona, ukijua kwamba yeye anakuona, yanaingia moja kwa moja kwenye chumba kilichofungwa. Anayeyaamini hafanyi kazi isiyo na shahidi.

Udhaifu wa jibu hili ni kwamba linamhusu anayeliamini, na wakati anapolikumbuka. Shahidi wa mbinguni hapigi simu kwa mjumbe wa nyumba kumi. Isitoshe, heshima ya dini na ukoo hutumika pia kuficha. Mzee anayefungiwa ndani mchana kutwa, au ambaye pensheni yake huishia kwa anayeipokea kwa niaba yake, huambiwa anyamaze kulinda sitara ya nyumba. Amri ya kuwaheshimu wazazi husomwa kana kwamba tayari inatekelezwa, na kuuliza kama inatekelezwa huonekana ni utovu wa adabu.

Sheria na sera za Afrika Mashariki zimesimama kati ya njia hizi mbili. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, bila manyanyaso, na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliitegemea familia kuwa ngome ya matunzo. Hakuna mkaguzi anayebisha hodi kwa mtoto anayemtunza mama yake, na pengine ni vyema asiwepo. Lakini viwango vinaweza kuingia nyumbani kwa njia ya mafunzo. Katika miaka ya UKIMWI kabla ya dawa za kupunguza makali kuenea, wahudumu wa wagonjwa majumbani waliwafundisha ndugu kuvaa glavu, kumgeuza mgonjwa na kusafisha kinywa chake, na usalama ukaongezeka bila faini wala cheti.

Kinachopungua katika majibu yote mawili ni sauti ya anayehudumiwa. Joan Tronto, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu maadili ya matunzo, aliigawa kazi hii katika hatua nne, na ya mwisho ni namna mhudumiwa anavyoipokea: huduma haijakamilika mpaka ijulikane ilimfikaje. Hatua hiyo humtoa mzee kwenye nafasi ya mzigo na kumweka kwenye nafasi ya shahidi wa kwanza.

Shahidi huyo anaweza pia kukataa. Sheria ya England ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inasema mtu asihesabiwe kuwa hawezi kuamua kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara. Robert Perske, Mmarekani aliyeandika mwaka 1972 juu ya watu wenye ulemavu wa akili, alitetea hadhi iliyomo katika kuruhusiwa kuthubutu. Babu mwenye kisukari anayetaka chai yenye sukari siku ya Idi, akijua madhara yake, yuko ndani ya haki hiyo. Kumsagia dawa kwa siri kwenye uji ilhali akili yake ni timamu na amekwisha kuikataa ni kumdanganya, hata kama nia ni kuokoa maisha yake. Asiyeweza tena kuelewa ana hukumu nyingine: hapo familia na daktari huamua pamoja, kwa uwazi, na uamuzi huandikwa.

Mhudumu naye yuko nyuma ya mlango huohuo. Anaumia mgongo kwa kumnyanyua peke yake mtu anayehitaji wawili, anaweza kutukanwa au kushikwashikwa, na mara nyingi halipwi kwa muda wa njiani. Kiwango kinachomsahau hakidumu, kwani aliyechoka na kudhalilishwa hana utulivu wa kumsubiri mzee ameze tonge.

Ukaguzi unaofuata hoja hii hautofautiani sana na ule uliopo, isipokuwa kwa utaratibu. Mkaguzi, au shangazi aliyekuja kutembelea nyumba isiyo na mkaguzi, huzungumza na mhudumiwa kwanza na peke yao, mhudumu akiwa nje, kabla ya kufungua daftari. Anayeshindwa kusema husomwa kwa mwili wake: kucha, midomo iliyokauka, namna anavyojikunja anaposikia hatua za mtu fulani. Kisha ndipo daftari hufunguliwa, kuona kama linasema hayohayo.