Kura Yetu Huisha Aprili

Wajukuu wangu wa Langas, Huruma, Munyaka na Kapsoya, nimewasikia mkisema mmechoshwa na vyama. Mna haki. Hata mimi nimechoka, na uchovu wangu ulianza kabla hamjazaliwa. Lakini kaeni kidogo mnisikilize, kwa sababu mnaloliacha kwa hasira wengine wanaliokota kwa furaha.

Uhuru ulipoingia mwaka 1963, Wakalenjin wengi wa pande hizi walikuwa KADU, chama cha Ronald Ngala na Daniel arap Moi, wakitetea majimbo. Novemba 1964 KADU ikajivunja, viongozi wake wakavuka kwenda KANU, na watu wakawafuata. Tukawa watu wa jogoo, alama ya KANU, kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2007 tukawa ODM, 2013 tukawa URP, 2017 Jubilee, 2022 UDA. Chaguzi nne, vyama vinne, na wengi wa waliotuongoza ni wale wale. URP ilipoingizwa ndani ya Jubilee Septemba 2016, wajumbe walikutana Nairobi wakaidhinisha, nasi huku Moiben na Turbo tukaamka tukiwa na chama kipya. Kadi za zamani tukawapa watoto wachezee.

Nasema haya bila kumlaumu mtu mmoja. Chama ambacho hufa kila baada ya miaka mitano hakina wa kumwajibisha. Ahadi zilizotolewa kwa jina la URP utazidai wapi leo? Ofisi haipo, katiba yake haipo, na aliyeahidi anakwambia hiyo ilikuwa safari nyingine. Kazi ya chama katika demokrasia ni kuwa mahali ambapo ahadi inakaa hata baada ya aliyeitoa kuondoka. Hilo hatujawahi kuwa nalo hapa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo linaniuma zaidi. Katika kaunti yetu ya Uasin Gishu, mwenye tiketi ya chama kinachovuma ana nafasi kubwa mno ya kushinda. Wapo wagombea huru waliojaribu, tena wenye jina na pesa, wakaanguka. Tunaambiwa tupige suti, kuanzia rais hadi diwani, na wengi tunapiga. Kwa hiyo kura ya kweli hapa ni ile ya mchujo. UDA walifanya mchujo wao Aprili 14, 2022. Wangapi kati yenu mlikwenda? Agosti mliamka saa kumi alfajiri mkapanga foleni, na ninawasifu kwa hilo, lakini diwani mnayemlalamikia leo alikuwa amekwisha kupatikana tangu Aprili, kwa kura za wachache waliojitokeza. Mahindi hayapaliliwi siku ya kuvunwa, na mnalijua hilo kwa sababu mmezaliwa Uasin Gishu.

Kuamuliwa kwenye uteuzi si jambo geni. Mwaka 1982 Bunge liliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, kwa kile kifungu cha 2A cha katiba. Mwaka 1988 ukaja mlolongo. Watu walisimama kwenye mstari nyuma ya picha au ajenti wa mgombea, mchana, machifu wakitazama. Vijana wengi hudhani mlolongo ulikuwa uchaguzi mkuu. Ulikuwa mchujo wa KANU. Aliyepata asilimia 70 alipita moja kwa moja, hakukuwa na kura ya siri tena. Na ili usimame kwenye mstari ilibidi uwe na kadi ya chama. Mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, macho ya watu yakiona. Hasira ya siku ile ni sehemu ya moto uliosukuma kifungu cha 2A kiondolewe Desemba 1991. Waliotaka kutunyang'anya sauti walijua mlango ni upi. Walikwenda kwenye uteuzi.

Halafu tulipopata vyama vingi, tukavigawa kwa ukoo. FORD, chama kilichokuwa na nguvu ya kuiondoa KANU, kilivunjika mwaka 1992 kati ya Oginga Odinga na Kenneth Matiba, na Moi akarudi kwa takribani asilimia 36 ya kura. Zaidi ya nusu ya Wakenya walitaka kitu kingine, wakakikosa kwa sababu viongozi wao hawakuweza kukaa chama kimoja. Hayo yalikuwa maumivu ya siasa. Yaliyofuata uchaguzi wa 2007 yalikuwa maumivu ya damu. ODM na PNU yalikuwa majina tu. Watu walisikia kabila. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na mji wetu huu wa Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inataka kila chama kiwe na sura ya kitaifa na kisijengwe kwa misingi ya kabila. Waliokiandika walikuwa wanakumbuka moshi ule. Mkisikia mtu anasema chama fulani ni cha kwetu, mrudisheni Kiambaa kwa upole.

Najua jibu lenu. Juni 2024 mlitoka barabarani, hata hapa Eldoret, mkasema hamna kabila, hamna kiongozi, hamna chama. Nililia nilipowaona, kwa fahari na kwa hofu. Wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, 106 wakaukataa, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi. Mliushinda mswada. Lakini wale 195 waliketi pale kwa tiketi za vyama, na baada ya wiki chache watu wa ODM waliingia baraza la mawaziri, kisha Machi 7, 2025 UDA na ODM wakatia sahihi mkataba wa kushirikiana. Ushirikiano unaweza kuleta utulivu, sikatai. Ila nani sasa analipwa kusema hapana ndani ya Bunge? Ninyi, mnaosema hapana bure, na kwa maisha yenu.

Na kutokuwa na chama kumejaribiwa, tena jirani tu, ng'ambo ya Malaba. Museveni alipoingia mwaka 1986 alisema vyama ndivyo vilivyoigawa Uganda kwa dini na kabila, na hakuwa anadanganya kuhusu historia hiyo. Vyama vikafungwa mikono, kila mgombea akasimama peke yake. Hadi kura ya maoni ya 2005 iliporudisha vyama vingi, mtu mmoja mmoja alikuwa anakabiliana na dola nzima, na wapinzani walikuwa wamekosa karibu miaka 20 ya kujijenga. Bado wanalipia.

Kwa hiyo ingieni. Katika chama chochote, cha serikali au cha upinzani, hata kile kidogo kisicho na mbunge. Kwanza angalieni kama tayari mmeingizwa: Juni 2021, msajili wa vyama alipofungua orodha, maelfu ya Wakenya waligundua ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Mkiwa mmeandikishwa bila ridhaa, jiondoeni, ni haki yenu. Vyama vinavyostahili vinapewa fedha za umma kila mwaka, kodi ya mama yenu anayeuza mboga sokoni, basi kuuliza hesabu si utovu wa adabu.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na mchujo utatangulia kwa miezi. Nendeni kabla ya hapo, watano watano, kwenye ofisi ya chama mlichokichagua. Ombeni katiba yake muisome. Ulizeni uchaguzi wa mashinani katika wadi yenu ulifanyika lini, nani alishinda, na kwa kura ngapi. Mkiambiwa njooni kesho, nendeni kesho.