Wakili na Dalali

Katika kazi zote ambazo mtu humkabidhi mwenziwe, chache ndizo zilizo nzito kama uwakili. Dalali husifu bidhaa, na mnunuzi ajua kwamba sifa zile zina malipo yake, basi huzipunguza mwenyewe moyoni. Ama wakili hasikilizwi hivyo. Yeye amelipwa aseme kweli, hata ikiwa chungu. Suali letu ni hili: je, yafaa mtu mmoja awe wakili na dalali wa mtu yule yule katika jambo lile lile? Na je, mwenye kuandika kila khatari katika hati, amekwisha kuitua dhima yake?

Twachukua mfano wa Marekani, kwani huko suali hili limefika mahakamani likakatwa. Mwaka 1990 nchi hiyo ilitunga sheria ya uhamiaji ambayo ndani yake mna mlango wa wageni wenye mali, ujulikanao kwa jina la EB-5. Mgeni aliyetia dola 1,000,000 katika biashara, au dola 500,000 katika sehemu za mashamba na zenye upungufu mkubwa wa kazi, na mtaji wake ukaleta kazi zisizopungua 10, aliweza kupata ruhusa ya kukaa, yeye na mwenziwe wa ndoa na watoto wao wasiooa ambao hawajatimia miaka 21. Ruhusa hiyo kwanza huwa ya miaka 2 kwa masharti, kisha huwa ya daima. Mwaka 2022 viwango vilipandishwa vikawa dola 1,050,000 na dola 800,000. Na katika masharti yake mna moja la kuzingatiwa sana: yapasa fedha ziwe katika khatari ya biashara, wala mgeni haahidiwi kwamba lazima atarudishiwa.

Wageni wengi hukusanya mitaji yao katika ushirika mmoja, na ushirika ukajenga hoteli au majumba, au ukamkopesha ajengaye. Kwa kuwa sehemu za ushirika ule huuzwa kwa watu, mambo yake huingia chini ya sheria za hisa za mwaka 1933 na 1934. Hapo ndipo waingiapo mawakili wa namna mbili. Mmoja ni wakili wa hisa, alipwaye na mwenye mradi, naye huandika kitabu cha maelezo ya mradi na khatari zake. Wa pili ni wakili wa uhamiaji, alipwaye na mgeni, naye humtengenezea maombi yake.

Mwezi wa Disemba 2015, Tume ya serikali isimamiayo masoko ya hisa ilitangaza mashtaka juu ya mawakili kadha wa namna hii ya pili. Walikuwa wakipokea ujira kwa wenye miradi kwa kila mteja waliyemtia humo, na hali hawakuandikishwa kuwa madalali wa hisa. Walio wengi walisikilizana na Tume. Mmoja wa California alishindana, akashindwa, na mwaka 2019 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu. Alikuwa akipokea ada kwa mteja, na ujira kwa mwenye mradi, na wateja wengi hawakuambiwa khabari ya ujira ule.

Hoja yake moja ilikuwa kwamba wateja wale walitaka ruhusa ya kukaa, hawakutaka faida, kwa hivyo kilichouzwa hakikuwa hisa. Mahakama haikuikubali. Nasi twasema kwamba hoja hii, ukiitazama kwa jicho la maadili, yazidi kumtia hatiani. Mfanya biashara atakaye faida huuliza faida itatoka wapi, na kwa kuuliza huenda akaigundua hila. Mwenye kutaka makao kwa ajili ya watoto wake haulizi hayo. Moyo wake uko kwenye karatasi ya ruhusa, na macho yake ya biashara amemwazima wakili. Mtu huyo ndiye astahikiye kuhifadhiwa zaidi.

Huenda mtu akasema: "Mteja hakupungukiwa na kitu, ujira ulitoka mfukoni mwa mwenye mradi." Kwanza, mara nyingi ujira huo hutoka katika ada ambayo mgeni yule yule huitoa juu ya mtaji wake. Pili, hata asipopungukiwa na senti moja, amepungukiwa na rai. Alikwenda kununua rai, akauziwa sifa, wala hakujua kwamba ni sifa.

Ama wakili wa hisa, mambo yake ni membamba zaidi. Yeye mteja wake ni mwenye mradi, na hilo si siri. Kazi yake ni kuandika kwamba fedha zaweza kupotea, naye huandika. Lakini tutazame yaliyotokea Jay Peak katika jimbo la Vermont. Mwaka 2016 Tume ilishtaki kwamba, katika zaidi ya dola milioni 350 zilizokusanywa kwa wageni wa nchi zisizopungua 74, zaidi ya milioni 200 zilitumiwa sipo, na mwenye miradi akajichukulia kiasi cha milioni 50. Mwaka 2022 alihukumiwa kifungo cha miaka 5. Mgeni aliyetia sahihi alikubali khatari ya hoteli kukosa wageni; hakukubali khatari ya fedha zake kuchukuliwa. Neno "khatari" ni moja, na maana zake ni mbili.

Hatusemi kwamba kila aandikaye kitabu ni mshirika wa mwizi. Wakili aliyedanganywa, baada ya kuuliza na kutaka ushahidi, hana lawama. Lawama ni juu ya yule aliyeacha kuuliza kwa kuogopa jawabu.

Sheria ya mwaka 2022 yataka ujira wa wapeleka wateja uandikwe na mgeni autilie sahihi, na fedha ziwe na msimamizi wa mbali au zikaguliwe kila mwaka. Haya ni mema. Walakini sahihi chini ya karatasi ndefu, katika lugha ambayo mtu haisomi, yathibitisha kwamba aliiona karatasi tu. Kufahamu ni jambo jingine, na hilo ndilo deni la wakili.

Wenye dola 800,000 miongoni mwetu ni wachache. Lakini wanaopeleka hati zao za shamba, za mirathi na za safari kwa mtu awasomee, ni wengi. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutia sahihi muulize akusomeaye: ni nani mwengine akulipaye kwa jambo langu hili? Akikasirika kwa kuulizwa, chukua karatasi zako uondoke. Na vijana wetu wanaosoma sheria twawausia wawe tayari kulijibu suali hilo kabla ya kuulizwa.