Mikono Isiyoshika Bunduki

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 20:8-13, 1 Samweli 30:21-25, Mathayo 12:9-14.

Je, mtu aweza kwenda vitani asishiriki kuua? Waadventista Wasabato wengi hulijibu swali hili kwa jina moja: Desmond Doss. Tumelisikia jina hilo katika mahubiri na katika makambi ya vijana hata tunadhani jibu limekwisha kupatikana. Lakini swali lenyewe ni zito kuliko tunavyolichukulia.

Doss alizaliwa tarehe 7 Februari 1919 huko Lynchburg, Virginia, nchini Marekani. Nyumbani kwao ilitundikwa picha ya Amri Kumi, na kwenye amri ya sita alichorwa Kaini akiwa na rungu mkononi, Habili amelala chini. Kijana huyo aliitazama mara nyingi akijiuliza ndugu anawezaje kumtendea ndugu yake hivyo. Vita vilipoikuta Marekani, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha meli huko Newport News, kazi ambayo ingemwezesha kubaki nyumbani. Aliikataa nafuu hiyo, akaingia jeshini tarehe 1 Aprili 1942. Aliomba mambo mawili tu: asishike silaha, na aitunze Sabato. Wenzake walimdhihaki na kumrushia viatu alipopiga magoti kuomba. Palikuwa na jaribio hata la kumtoa jeshini kwa madai kwamba hana akili timamu.

Akawa mhudumu wa majeruhi katika Divisheni ya 77 ya askari wa miguu. Alihudumu Guam na Leyte mwaka 1944, kisha Okinawa mwaka 1945. Huko, juu ya genge la Maeda, batalioni yake ilipigwa vibaya, na waliosalia wakarudishwa nyuma. Doss alibaki juu pamoja na walioanguka. Akawabeba mmoja mmoja hadi ukingoni, akawateremsha kwa kamba. Jeshi lilikadiria kwamba aliokoa watu 100, yeye alisema hawakuzidi 50, wakaandika 75.

Sasa tusikilize upande wa pili, maana darasani lazima atakuwepo mtu wa kuusema. Katika 1 Samweli 30 Daudi aliamuru kwamba aliyekaa penye vyombo apate fungu sawa na aliyeshuka vitani. Ikiwa mlinzi wa mizigo ana sehemu katika ushindi, basi ana sehemu katika damu pia. Majeruhi aliyeteremshwa kwa kamba, akipona, hurudishiwa bunduki yake. Tena Doss aliwahudumia watu huku askari wengine wakifyatua risasi, na risasi hizo zilimkinga na yeye. Hoja hii ina uzito, na kumtaja Doss kwa sauti kubwa zaidi hakuipunguzi.

Kuna swali jingine gumu zaidi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 uliruhusu wahudumu wa tiba kuwa na silaha kwa ajili ya kujilinda wao na majeruhi wao. Katika vita vya Pasifiki wengi walizibeba, kwa sababu alama ya msalaba mwekundu haikumzuia mtu kupigwa risasi. Je, upendo haungemtaka Doss naye ashike bunduki kwa ajili ya yule aliyelala hoi miguuni pake? Kanisa letu limefundisha njia ya kutobeba silaha, lakini limeiacha kila dhamiri iamue mbele za Mungu. Nadhani limefanya vema. Ndugu aliyebeba bastola akiwa na begi la dawa si wa kuhukumiwa na sisi tunaojifunza lesoni hii kwa amani chini ya mwembe.

Hata hivyo, hoja ile ya kwanza inadhania kwamba Doss alikuwa akitafuta mikono isiyo na doa. Mtu wa namna hiyo angebaki kiwandani; na hata huko meli zilizoundwa zilikuwa za vita. Taifa likiwa vitani, hata mkulima analisha jeshi. Doss hakupata mahali pa kusimama nje ya vita, na hakupatafuta. Alichotafuta ni kazi ambayo angeweza kumfanyia mtu yeyote aliyeanguka.

Angalia Yesu katika Mathayo 12. Sinagogini palikuwa na mtu mwenye mkono uliopooza, nayo ilikuwa Sabato. Bwana alimponya. Hakumuuliza kwanza atautumia mkono huo kwa kazi gani kesho. Maandiko hayasemi kama baadaye ulishika jembe au rungu. Mponyaji hapewi kujua hilo, wala hawezi kulifanya kuwa sharti. Anayesubiri kuhakikishiwa kwamba mgonjwa atakuwa mwema hataganga mtu hata mmoja. Lakini kuua mwenyewe ni jambo jingine: hapo mtu hahitaji kubashiri mkono wa mwenzake utafanya nini, maana mkono ni wake.

Ndiyo maana Sabato haikumfunga. Tarehe 5 Mei 1945 ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo alivuka kati ya makombora na risasi kumfikia ofisa wa mizinga aliyejeruhiwa, akamfunga majeraha, akamsogeza penye kinga, akamtia plazma huku makombora yakianguka karibu. Wauguzi katika makanisa yetu, wanaopangiwa zamu ya Ijumaa usiku, wanaelewa.

Usiku wa tarehe 21 Mei, karibu na Shuri, bomu la mkono lilimjeruhi miguu. Alijifunga mwenyewe, akangoja saa tano. Alipokuwa akibebwa aliona aliyeumia kuliko yeye, akajitoa kwenye machela, akaagiza huyo ahudumiwe kwanza. Akingoja wabebaji warudi, risasi ikamvunja mkono. Akachukua kitako cha bunduki, akakifunga kwenye mkono uliovunjika kiwe gango, akatambaa kuelekea kituo cha huduma.

Jadilini darasani: Ikiwa bunduki za wengine zilimkinga Doss alipokuwa akiokoa watu, alikuwa na deni gani kwa waliozishika? Je, sisi tunaolindwa usiku na askari na walinzi wenye silaha tuna deni hilo hilo?