Mungu Wetu na Mungu Wao

Tumeulizwa: jirani Mkristo akituombea, "Mungu akubariki," je, tuitikie amin, au Mungu wake ni mwingine?

Twajibu: Qur'ani, katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 46, yatuamrisha tuwaambie Watu wa Kitabu kwamba Mungu wetu na Mungu wao ni Mmoja. Wakristo wa Misri na Shamu nao humwita Allah.

Lakini kuwa Mwabudiwa ni Mmoja si kusema kuwa itikadi ni moja. Wao husema ana Mwana. Sisi twalikanusha neno hilo, wala hatulifichi kwa ajili ya ujirani. Watu wawili wakimweleza mtu mmoja, na mmoja wao akakosea sifa zake, kosa ni la maelezo. Aliyeelezwa hakugeuka wawili. Na adaiye kuwa wao wameumbwa na Mungu mwingine, ameivunja tauhidi kwa kudhani aitetea.

Basi ndugu zetu, tuitikie amin. Kisha tujitazame wenyewe: ni wangapi miongoni mwetu waendao makaburini kuwaomba wafu haja zao? Hao Mungu wao ni nani?