Mchumia Juani na Walaji wa Kivulini



Kila tunapokutana huku ughaibuni, iwe harusini au msibani, mazungumzo hayakawii kugeukia uchumi wa nyumbani, na hakosekani mmoja wetu wa kusema kwamba kilimo ndicho kitakachotukomboa. Wote tunaitikia. Leo tunaomba tuulizane: kitamkomboa nani, na kwa jasho la nani?

Sisi tuliozaliwa mkoa wa Mtwara tumelelewa na korosho. Ilipofika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, familia nyingi zilihamishwa mbali na mashamba yao, na mikorosho ikamezwa na pori. Ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua, na bei aliyolipwa mkulima haikumtia moyo wa kuhangaika. Nchi iliyovuna kama tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilishuka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Hazina ilikuwa tupu, na mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ikaanzisha Mpango wa Kufufua Uchumi. Mkulima akaambiwa azalishe.

Naye akazalisha. Alifyeka pori, watafiti wa Naliendele wakamwonyesha matumizi ya salfa na miche bora, na kufikia msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Lakini mwaka 2018 sheria ilibadilishwa: ushuru wa korosho zinazouzwa nje, ambao asilimia 65 yake ilikuwa ikirudi kuendeleza zao hilo, ukaelekezwa wote Mfuko Mkuu wa Serikali. Novemba mwaka huohuo, baada ya mvutano wa bei na wafanyabiashara, Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi lizisombe. Bei ilikuwa nzuri, ila wapo waliongoja malipo miezi mingi huku ada za watoto zikiwadai.

Sisi wahandisi tunajua kwamba pampu haitengenezi maji. Huyavuta tu kutoka kisimani na kuyapandisha kwenye tangi. Miji yetu na ofisi zetu, hata elimu tuliyokuja kuitafuta huku, ni tangi. Kisima kiko kijijini. Ukivuta kila siku bila kukitunza kisima, siku moja pampu itavuta matope, na hapo usiilaumu pampu.

Kuilaumu serikali ni rahisi, hasa ukiwa mbali nayo. Tutazame na kwetu.

Mwaka jana sisi ndugu tulioko nje tulikubaliana kwenye simu kuliuza shamba la marehemu baba, ili tujenge nyumba ya kupangisha Dar es Salaam. Hesabu zetu zilikaa sawa: kodi ya nyumba inaingia kila mwezi, korosho huja mara moja kwa mwaka, tena kwa bei usiyoijua. Tukampigia kaka yetu mkubwa, aliyebaki kijijini, kumpa taarifa. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wadogo zangu, fedha za mazishi mlileta, Mungu awalipe. Fedha za salfa hamjawahi kuleta hata msimu mmoja."

Hatukuwa na jibu. Mikorosho ile ndiyo iliyolipa ada zetu za sekondari. Kaka yetu aliacha masomo darasa la saba ili awepo wa kuihudumia, na hakuna aliyemuuliza kama alitaka. Kisha sisi tuliosomeshwa tukakaa kikao bila yeye, tukamletea uamuzi kama vile Dar es Salaam ilivyozoea kuiletea Mtwara.

Wapo watakaosema kwamba shamba ni mali ya warithi wote na kila mtu ana haki ya fungu lake. Ni kweli. Lakini kuna haki ya mwenye hati, na kuna haki ya aliyebeba hasara miaka yote ambayo mvua haikunyesha au bei ilianguka. Familia inayoitambua ya kwanza tu inamdhulumu mtu wake, na taifa halina tofauti. Huwezi kumwita mkulima uti wa mgongo wakati wa kuzalisha, kisha ukamsahau wakati wa kugawana na kuamua.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwetu mmoja amechumia juani, wakala wengine kivulini, nasi ni miongoni mwa walaji.

Shamba halijauzwa. Msimu huu tumechanga fedha za salfa, na kikao kijacho kaka yetu ndiye mwenyekiti. Akiamua liuzwe, litauzwa. Nanyi wasomaji, kabla ya kutuma fedha za tofali jingine mjini, mpigieni simu aliyebaki shambani, mumuulize yeye anahitaji nini.